"Divulge" kwenye fomu ya ridhaa: niandike "kufichua" au nini?

Mkalimani_Kasulu
Habari za jioni wakuu. Natafsiri fomu ya ridhaa ya utafiti wa kaya, itakayosomewa wanakijiji huku Kasulu na Kibondo. Sentensi inayonisumbua ni hii: "The interviewer shall not divulge the respondent's name to any third party." Kamusi inanipa "kufichua" na "kutoboa siri". Nikiandika "mhojaji hatafichua jina la mhojiwa", mhojiwa anaonekana kama mtu mwenye hatia aliyesitiriwa. Chini kidogo fomu hiyohiyo inatumia "disclose", kisha "reveal". Je, yote ni mamoja au kuna tofauti ninayopaswa kuilinda?

Mwalimu_Urambo
Tofauti ipo, mkuu, na kwenye fomu ya ridhaa ina uzito.

"Divulge" ni kumpa mtu mwingine habari ambayo ulipaswa kuitunza. Asili yake ni Kilatini, "vulgus", yaani umma: habari iliyokuwa ya wachache inafanywa ya watu wote. Ndiyo maana mara nyingi utaikuta kwenye ukanushi: "refused to divulge", "declined to divulge". Na vinavyotunzwa ni vilevile kila mara: jina, siri, chanzo cha habari, mahali mtu alipo, kiasi cha fedha.

Shaka yako juu ya "kufichua" ni ya haki. Magazeti yetu yamelizoesha neno hilo kwa ufisadi, wizi na magendo, na hiyo kwa Kiingereza ni kazi ya "expose". Jina la mhojiwa si uovu. Andika: "Mhojaji hatalitaja wala kulitoa jina la mhojiwa kwa mtu mwingine yeyote." Usiongeze "asiyehusika na utafiti" kabla hujamwuliza mwenye utafiti, maana hapo unaanza kuamua wewe nani aruhusiwe kulijua.

"Disclose" ni ya sheria, benki na hospitali, na haimlaumu mtoaji. Pengine hata anawajibika kutoa. Kiongozi akitaja mali zake, "he disclosed his assets". Mtu akimweleza mwenzi wake hali yake ya VVU, hiyo ni "disclose". Mhudumu wa zahanati akiitoa habari hiyohiyo bila ruhusa ya mgonjwa, hapo "divulge" inakaa sawasawa. Habari ni ileile, kilichobadilika ni haki ya anayeitoa.

"Reveal" ni pana, na hata kitu kinaweza kuwa mtenda: "The survey revealed that many wells were dry." Usiandike "the survey divulged", kwa sababu anayefanya "divulge" lazima awe mtu, au chombo cha watu kama ofisi au chama.

Ujiji_Sarufi
Naongezea upande wa sarufi, kwa sababu wanafunzi wengi hukwama hapo. Sisi tunasema "alimfichulia mkewe siri": mtendewa anafuata kitenzi moja kwa moja. Kwa mazoea hayo mtu anaandika "He divulged his wife the secret". Ni kosa. Siri inatangulia, kisha "to", kisha mtu: "He divulged the secret to his wife." "Reveal", "disclose" na hata "explain" hufuata njia hiyohiyo. Anayewapotosha ni "tell", maana yeye hukubali "told his wife the secret".

Kosa la pili ni "divulge about". Hakuna "about" hapo. Weka nomino, au "that", au neno la kuuliza: "The cooperative would not divulge how much it paid for the honey."

Matamshi: mkazo uko silabi ya pili, na mwisho ni j ya "jamaa", si g ya "gari". Mwanzo ukisema "dai" au "di", yote yanakubalika. Tahadhari na "indulge", ambayo ni kuendekeza, na "diverge", ambayo ni njia kuachana.

Mkalimani_Kasulu
Nimewaelewa sana. Mawili yamebaki. Kipengele kina kichwa "Disclosure". Na mwenzangu anapendekeza tuweke "hatamwaga mtama", anasema wazee wataelewa haraka.

Mwalimu_Urambo
Kichwa kiwe "Utoaji wa taarifa". Usishangae kuona "disclosure" juu na "divulge" ndani: nomino "divulgence" ipo lakini ni adimu, hivyo Kiingereza huazima ya jirani.

"Kumwaga mtama" liache nje ya fomu. Hilo ni kuropoka siri mbele ya wengi, na kwa Kiingereza liko karibu na "let slip". "Divulge" kwa kawaida ni kutoa kwa kujua, hata kwa kunong'ona na mtu mmoja tu. Ahadi ya fomu lazima imzuie mhojaji kote kuwili. Msomaji wa fomu akiona mzee hajaelewa, amfafanulie hivi: "Jina lako halitatoka kwangu kwenda kwa mtu mwingine."