Muguka na miraa vinapigwa dawa leo, kesho viko shavuni mwetu. Nani anapima?

Wadau, nimeingia hapa na hasira na sitaificha. Kuna jambo ambalo mkulima analijua, dalali analijua, mwenye duka la dawa za kilimo analijua, na sisi tunaotafuna jani hili, liitwe miraa, mirungi au muguka, ndio tunaofichwa. Jani linapigwa dawa ya wadudu, halafu linachumwa kabla dawa haijaisha nguvu, na usiku huo huo liko mdomoni mwa mtu Mombasa, Malindi au Eastleigh.

Wale wa "acha miraa" nawaomba mpite tu. Uzi huu hauhusu kama miraa ni nzuri au mbaya. Miraa ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao ya Kenya, kuna Kanuni za Miraa za mwaka 2023, na kaunti zinatoza ushuru kila gari linapopita. Kama ni halali kulitoza, basi ni lazima kulipima. Mnywa chai hapewi mahubiri anapouliza kilichonyunyizwa kwenye majani ya chai.

Sasa nieleze kilichonileta. Juzi nilinunua muguka kwenye kibanda ninachonunua siku zote hapa Kisauni. Nilipomwaga majani kwenye sinia nikaona madoa meupe ya duara juu ya yale machanga kabisa, ukingo wa doa mzito na katikati pepesi. Vumbi halikai hivyo, vumbi linatapakaa jani zima. Doa la namna ile huachwa na tone la dawa lililokaukia pale pale lilipotua. Nikasugua jani kwa kidole na kunusa. Aliyewahi kubeba pampu mgongoni anaijua ile harufu: kali, ya kuoza, inakaribia kitunguu saumu kilichoharibika. Nikayaacha.

Jamaa yangu mmoja barazani alikuwa ameshaanza, mfuko ule ule. Haukupita muda mrefu mate yakaanza kumjaa mdomoni, jasho likamtoka, tumbo likamsokota mpaka akatapika. Watafunaji wenzangu mnajua miraa inafanya nini: inakausha mdomo, ndiyo maana hatuachani na chupa ya maji, na inapanua mboni za macho. Sumu za jamii ya organofosfeti, kundi moja la dawa za wadudu, zinafanya kinyume kabisa: mate, machozi, jasho, tumbo kukata, mboni kusinyaa. Mtu akitokwa na mate hivyo msimwambie amepata muguka mkali. Mkimbizeni hospitali, na majani yaliyobaki myachukue mkaonyeshe. Yule jamaa alifika zahanati akapewa vidonge vya tumbo, na hakuna aliyemuuliza ametafuna nini.

Nilirudi kwa muuzaji. Ni mama wa heshima, sina ugomvi naye, maana yeye anauza alicholetewa. Akampigia dalali mbele yangu na kuweka spika. Jibu la dalali: "Hiyo ni dawa ya wadudu mama, si ya watu. Mvua ikinyesha inaoshwa." Mvua gani itakayonyesha ndani ya mfuko wa plastiki? Jani limeshachumwa!

Hapo ndipo nataka tuelewane, kwa sababu wengi wanadhani dawa ikikauka imekwisha. Haijaisha. Baada ya kunyunyizwa, dawa hupungua kidogo kidogo kwa jua, kwa joto, kwa mvua, kwa mmea wenyewe kuivunjavunja, na kwa jani kukua hadi kile kidogo kilichomo kisambae kwenye jani kubwa. Vyote hivyo vinataka muda. Tuseme dawa ambayo nusu yake hupotea kila baada ya siku 3. Siku ya 3 imebaki nusu, siku ya 6 robo, siku ya 9 thumuni. Ndiyo sababu lebo huandikwa siku za kungoja kati ya kupuliza na kuvuna, na dawa nyingi za mboga zinataka wiki moja au mbili. Mchumaji akiingia shambani siku ya pili, zaidi ya nusu ya dawa ingali pale.

Na dawa si za aina moja. Dimethoeti, mojawapo ya zile organofosfeti, ambayo huko Yemen ni mashuhuri kwenye mashamba ya jani hili, haikai juu ya jani peke yake. Inaingia ndani na kusafiri na utomvu wa mmea, kwa hiyo wewe unayesuuza majani yako kwenye bakuli ukajiona umejikinga, umeondoa vumbi na sehemu tu ya dawa ya juu. Iliyo ndani utaitafuna yote. Isitoshe, ikiwa ndani ya mmea sehemu yake hugeuka kuwa omethoeti, ambayo ni sumu kali kuliko ile iliyopulizwa. Nirudie hilo: katika zile siku za mwanzo jani linaweza kuwa linatengeneza kitu kibaya zaidi kuliko kilichokuwa kwenye chupa. Dawa za jamii ya sipamethrini, kwa upande wake, hazipendi maji. Zinanata kwenye ile nta ya juu ya jani, na maji ya bomba hayazing'oi vizuri.

Sasa linganisha na sukuma wiki. Sukuma inaoshwa, inakatwa, inapikwa, na moto unapunguza baadhi ya dawa. Chungwa unamenya. Miraa haioshwi, haimenywi, haipikwi, haikaushwi. Thamani yake yote ni ubichi, kwa sababu kathinoni, ile inayomfanya mtu achangamke, huanza kupotea mara jani linapokatwa, na baada ya kama siku mbili mzigo umekufa bei. Ndiyo maana pikapu zinakimbia kutoka Maua na Laare kule Meru kama zinazozima moto. Mwendo ule ule unaookoa kathinoni unaiokoa dawa pia. Halafu kitita kinafungwa kwa majani ya mgomba kisinyauke, yaani kinawekwa penye ubaridi na giza, mbali na jua ambalo lingesaidia kuivunja hiyo dawa.

Kisha angalia sisi tunavyokula. Nyanya unaimeza ikapita. Hapa jani changa na jembamba, lenye eneo kubwa la kushika dawa kuliko uzito wake, linasagwa kwa meno na kukaa shavuni saa nzima, mbili, nne, huku maji yake yakimezwa na mengine yakinyonywa na ngozi ya ndani ya mdomo. Kesho yake tena. Wapo wanaofanya hivyo kila siku ya Mungu, miaka ishirini.

Najua wakulima watakuja kujitetea, na wana haki ya kusikilizwa. Kiangazi wadudu wanaofyonza utomvu wanakunja chipukizi, mnunuzi anakataa mzigo uliokunjamana, na ni kiangazi hicho hicho ambapo bei iko juu. Mtu ana karo ya kulipa. Anapiga dawa, dalali anapiga simu kwamba soko limefunguka, na shamba linachumwa. Naelewa. Lakini ndugu yangu wa Mbeere kule Embu, unayelima muguka, ungempa mwanao jani hilo? Na hao wanaochuma, akina mama na wengine watoto wa shule, mikono mitupu kwenye majani yaliyopulizwa jana, wao nani anawauliza hali? Miti mizee ya miraa iitwayo mbaine kule Nyambene imesimama vizazi na vizazi kabla pampu ya mgongoni haijajulikana, na miraa yake ndiyo iliyotafutwa kuliko zote.

Hasira yangu kubwa, lakini, ni kwa serikali. Msiniambie Kenya haiwezi kupima mabaki ya dawa. Inaweza, na tumeona ikifanya. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kukagua kwa wingi mishiri (maharagwe machanga ya maganda) na minji kutoka Kenya, shehena 1 katika kila 10, kwa sababu ya mabaki ya dawa, dimethoeti ikiwa mbele. Nchi nzima ilishtuka. Matumizi ya dimethoeti kwenye mboga na matunda yakazuiwa, maafisa wakaingia mashambani, wakulima wa mishiri wakafundishwa kuandika kwenye daftari tarehe ya kupuliza na tarehe ya kuchuma. KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, wana maabara. Bodi ya kudhibiti dawa za wadudu ipo. Kila kitu kikapatikana, kwa sababu mlaji alikuwa London na Amsterdam.

Miraa nayo ilikuwa ikienda huko. Uholanzi iliifunga mwaka 2013 na Uingereza Juni 2014, zote kwa sababu ya dawa ya kulevya, si ya wadudu. Tangu hapo mlaji ni mimi na wewe na Msomali wa Mogadishu, na hakuna mwenye haraka ya kutupimia. Kule Ulaya zao lisilo na kiwango chake maalumu huwekewa miligramu 0.01 tu za dawa kwa kilo. Sisi tuna miligramu ngapi? Nani amebandika karatasi ya matokeo Kongowea au Maua tuisome?

Na msiseme natunga hofu. Jirani zetu Ethiopia watafiti wamepima jani hili sokoni na kukuta DDT. DDT! Dawa ambayo Kenya iliizuia kwenye kilimo tangu 1986, ambayo hukaa kwenye udongo miaka na miaka na kujificha kwenye mafuta ya mwili wa binadamu. Yemen madaktari wamelilalamikia suala la dawa kwenye mirungi muda mrefu. Sisi tunaolima kwa wingi hivi tumekaa kimya.

Mwaka 2024 hapa Pwani muguka ulikuwa habari ya kila siku. Mei Mombasa ikapiga marufuku, Kilifi ikafuata, Embu wakaenda mahakamani, amri ikasimamishwa, viongozi wakatupiana maneno redioni. Upande mmoja ukasema vijana wanaharibika, mwingine ukasema wakulima watakufa njaa. Katika kelele zote zile sikumsikia kiongozi hata mmoja akiuliza ni dawa gani iko kwenye hilo jani na imekaa siku ngapi. Afisa wa afya anasimama barabarani kuzuia lori zima la muguka, lakini hachukui hata konzi moja kupeleka maabara.

Ninachotaka si kikubwa. Dawa inayoruhusiwa kwa miraa itajwe kwa jina la miraa kwenye lebo, na siku zake za kungoja ziandikwe. Chupa niliyoonyeshwa mimi ilitaja kabichi, nyanya na kahawa. Mkulima wa muguka anakisia. Tarehe ya mwisho ya kupuliza isafiri na mzigo kutoka shamba hadi kibandani, kama vile bei inavyosafiri. Na sampuli zichukuliwe sokoni, bila taarifa, matokeo yawekwe hadharani na jina la eneo lililotoa mzigo.

Ule mfuko ninao. Nimeufunga vizuri na kuuweka kwenye friza, na nitaiandikia barua ofisi ya afya ya kaunti wiki hii. Kama kuna mtu humu anafanya kazi maabara, aniambie mwananchi wa kawaida anapeleka sampuli vipi na inagharimu pesa ngapi. Wenzangu barazani wako tayari kuchanga. Na nyinyi wa Igembe, Siakago na Kiritiri, andikeni hapa bila kuogopa: mnapiga dawa gani, na huwa mnangoja siku ngapi kabla ya kuchuma?