Naomba ushauri: kutoka uwanja wa Charleroi hadi Zaventem kwa saa tatu na nusu

Wanajamvi, heshima kwenu.

Ninaishi kaskazini mwa Italia, na mwezi ujao nitamsindikiza mama kurudi Kigali. Nimemkatia tiketi mbili zisizounganishwa: ya kwanza ni ya ndege ya bei nafuu kutoka Bergamo itakayotua Charleroi saa moja na dakika ishirini asubuhi, na ya pili ni ya kutoka Zaventem, uwanja mkuu wa Brussels, Ubelgiji, saa nne na dakika hamsini. Nilipoona uwanja wa Charleroi ukiitwa "Brussels ya Kusini", nilidhani viwanja hivyo ni majirani, kumbe vimetengana takriban kilomita sabini kwa barabara.

Kwa gari ni kama saa moja njia ikiwa nyeupe, lakini asubuhi ya siku ya kazi barabara ya mzunguko ya Brussels hujaa foleni. Charleroi hakuna treni uwanjani, hivyo ingebidi tupande basi hadi stesheni ya treni ya Midi mjini Brussels, karibu saa nzima, kisha treni ya dakika ishirini hivi hadi chini ya jengo la abiria la Zaventem. Mama ana magoti mabovu na mabegi mawili ya kilo 23, ambayo lazima tuyachukue na kuyakabidhi upya kabla dirisha la mizigo halijafungwa.

Je, waliowahi kupita njia hii wanashauri teksi, basi na treni, au nikubali hasara ya tiketi ya Bergamo tufike Brussels jioni ya kuamkia safari?