Msaada wa haraka: siti za ngozi za Benz ya zamani zimekakamaa, nizifanyeje kabla ya Jumamosi?

TendeMbivu
Wakuu, salaam. Nina Benz 200, bodi ya W123, ya mwaka 1982, iko Tanga. Siti zake ni za ngozi, rangi ya tende. Gari imekaa miaka 6 chini ya mwembe na kioo kimoja cha nyuma kilikuwa hakipandi hadi juu, kwa hiyo kuku walishahamia. Kuku nimewatoa, mayai nimeyatoa (moja lilinipasukia, tusiongelee). Sasa siti zimekakamaa kama ubao, zina ukungu kwenye mikunjo, na ya dereva imefumuka kwenye mshono. Nataka zing'ae kama zamani, kabla ya Jumamosi. Nimesikia kiwi ya viatu inasaidia, wengine wanasema mafuta ya nazi. Ipi bora? Naomba ushauri wa wenye uzoefu, sio wa kunikatisha tamaa.

Mla Mihogo
Kuku wangapi, na ni wa kienyeji? Siti tutaongea baadaye.

Fundi Mikasi
Achana na kiwi. Kiwi ni nta na rangi, na kiatu hakikaliwi. Abiria wa kwanza mwenye suruali nyeupe atashuka na ramani ya Afrika kwa nyuma. Mafuta ya nazi nayo hayana pa kuingia: ngozi ya gari nyingi imepigwa rangi, na juu ya rangi kuna koti la kuilinda. Mafuta yanabaki pale juu yanakusanya vumbi.

Anza na ukungu. Toa gari uwanjani, fungua milango yote, piga brashi kavu huku umejifunga kitambaa puani. Kisha sabuni ya maji isiyo kali. Ikoroge mpaka itoe povu, halafu tumia lile povu, sio maji. Brashi laini, kwenye mishono mswaki laini, futa na kitambaa chenye unyevu, kausha na kikavu. Kipande kimoja ukimaliza ndio uhamie kingine. Usianike juani, jua litazidi kuzikausha.

Sasa nijibu kabla hujagusa chochote: mpaka leo umeshazipaka nini?

TendeMbivu
Hakuna cha maana mkuu. Nimefuta futa tu.

Fundi Mikasi
Umefuta na nini?

Mama Wawili
Mmenikumbusha Peugeot 504 ya baba, ile ile gari iliyochukua Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, baba alikuwa anawaambia wageni kana kwamba aliendesha yeye. Siti nyeusi. Ukiikuta juani saa nane mchana na kigauni kifupi, mapaja yanabaki pale. Mama alikuwa anatandika khanga, baba anaitoa, anasema gari sio kitanda. Alipostaafu akaanza kuitandika mwenyewe. Jamani nimesahau swali lilikuwa nini.

Dereva wa Usiku
Kwani lazima ngozi? Nunua siti kava za kuvalisha, laki na nusu seti nzima, maisha yaendelee. Mimi za kwangu zina picha ya chui.

Fundi Mikasi
TendeMbivu, umefuta na nini?

TendeMbivu
Sawa. Nilitumia jiki kidogo kwenye maji, kwa sababu kila mtu anajua jiki inaua ukungu. Kuna sehemu ilikataa nikasugua na stili waya. Na mkono wa mlango wa dereva nikaupitisha msasa, lakini msasa laini, wa maji. Sio kwamba sijui ninachofanya, nimeangalia video nyingi. Na ukungu umetoka kweli.

Fundi Mikasi
Stili waya ya kusugulia sufuria.

TendeMbivu
Ndiyo lakini ilikuwa imeshatumika, sio kali.

Fundi Mikasi
Ngozi kwa asili ina uchachu kidogo, pH yake ni kama 4 hivi. Jiki na sabuni ya unga ziko upande wa pili kabisa. Zikiingia, ngozi inakauka, inasinyaa, na baadaye inapasuka vipande kama tope la bwawa lililokauka. Na ukishakwangua koti kwa waya huwezi kulirudisha kwa kupaka mafuta. Hapo ni kusafisha, kuziba nyufa kwa filla maalumu ya ngozi, kupiga rangi nyembamba nyembamba mara tatu nne, kisha koti jipya. Hiyo sio kazi ya Jumamosi.

Tonesha tone la maji pale uliposugua, subiri dakika tano. Likizama na kuacha doa jeusi, koti limekwenda. Leta jibu.

Shangazi wa Makorora
Mie naomba kuuliza mwanangu. Jumamosi kuna nini? Gari imekaa miaka sita na kuku, leo kuna haraka gani?

TendeMbivu
Kuna mgeni anakuja kuiangalia shangazi.

Shangazi wa Makorora
Mgeni wa kuangalia, au mgeni wa kununua?

TendeMbivu
Kununua. Ni mtu wa Dar anayependa gari za zamani. Ameshatoa kishika uchumba, milioni moja na nusu. Nilimwambia siti ni ngozi halisi za kutoka kiwandani na ziko vizuri, zinahitaji kufutwa tu. Sasa mnaelewa kwa nini nina haraka.

Mla Mihogo
Tunaelewa kwa nini unatumia stili waya.

Shangazi wa Makorora
Kadi ya gari ina jina la nani?

TendeMbivu
La babu. Babu alifariki mwaka juzi. Kabla hamjaanza: mimi ndiye niliyemuuguza. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki, kwa bodaboda, wakati hiyo gari imelala pale na wanawe wako mjini. Akanipa funguo kwa mkono wake mwenyewe. Bibi yupo, anajua nasafisha gari.

Shangazi wa Makorora
Anajua unasafisha. Anajua unauza?

Mnyenyekevu
Ndugu yangu, funguo sio hati. Mali ya marehemu haiuzwi mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na yeye ndiye anayeuza au kugawa. Kliniki ulizompeleka babu zina malipo yake kwa Mwenyezi Mungu, hazilipwi kwa Benz. Rudisha pesa ya watu. Kwetu kiwanja kimoja kiliuzwa hivi hivi, mpaka leo wajomba hawasalimiani, na misiba wanazikana kwa kutuma michango kwenye simu.

TendeMbivu
Nimeuliza kuhusu siti wakuu. Mirathi ina jukwaa lake.

Maji nimetonesha. Nimesubiri dakika kumi, sio tano. Yamekaa juu kama kwenye jani la mgomba, hata pale nilipopitisha waya. Hakuna doa. Kwa hiyo ngozi yangu ni imara kuliko mnavyodhani.

Jicho Kavu
Hapa sasa nimenusa. Hii ni CHAI.

Ngozi ya 1982, miaka sita kwenye unyevu wa Tanga, kinyesi cha kuku, jiki, stili waya, msasa, halafu maji yanateleza? Hakuna ngozi ya ng'ombe yeyote inayovumilia hayo. Picha hajaweka hata moja tangu asubuhi. Na mwezi wa tatu huyu huyu alifungua uzi anauza Passo, akasema kazaliwa na kukulia Mwanza na hana ndugu pwani. Babu wa Tanga kampata wapi, sokoni?

Mla Mihogo
Leteni vitumbua, chai imeshaiva.

Dereva wa Usiku
Nilishangaa kuku wanaoingia kwenye Benz wenyewe. Kuku wa kwetu hata banda wanabembelezwa.

TendeMbivu
Babu ni mzaa mama. Kukulia Mwanza kunanizuia kuwa na mama? Passo ilikuwa ya rafiki yangu, niliiandikia tangazo tu. Picha siweki kwa sababu gari inajulikana mtaa mzima, mjomba anaweza kuwa humu.

Jicho Kavu
Kwa hiyo mjomba hajui. Asante.

Fundi Mikasi
Jicho Kavu, subiri. Ulichokiona ni sahihi, ila umekosea unapokipeleka. Hakuna ngozi inayovumilia hayo, ndiyo. Lakini kuna kitu kinachovumilia.

W123 nyingi hazikutoka na siti za ngozi. Ngozi ilikuwa ya kulipia zaidi. Nyingi zilitoka na reksini ya Mercedes wenyewe, inaitwa MB-Tex, yenye vitundu vidogo vidogo kama ngozi halisi. Hata mafundi inawadanganya. Haizeeki kama ngozi. Haifanyi nyufa nyufa kila mahali, mara nyingi inaachia kwenye mshono. TendeMbivu alituambia mwanzo kabisa: siti ya dereva imefumuka kwenye mshono. Na mimi nimempa darasa zima la ngozi bila kuuliza, kosa langu.

Chukua tochi, lala chini ya siti, tafuta upindo wa cover pale inapokamatwa na fremu. Nyuma yake ukiona manyoya manyoya kama swedi, ni ngozi. Ukiona kitambaa kilichofumwa, sio ngozi.

Kama ni MB-Tex, sabuni ya maji na povu vinatosha. Mshono unashonwa. Ugumu unaousikia ukikalia huenda sio wa juu, ni pedi ya ndani, humo hakuna sponji tupu, kuna springi na pedi ya manywele yaliyogandishwa kwa mpira. Ikishika maji miaka sita inakufa. Hiyo inabadilishwa.

TendeMbivu
Nimetoka chini ya gari sasa hivi. Kitambaa. Kimefumwa kama shashi.

Sasa hii ni habari nzuri au mbaya? Kwa upande wa kusafisha ni nzuri.

Shangazi wa Makorora
Yule wa Dar ulimwambia ngozi halisi.

TendeMbivu
Nilimwambia nilichojua. Hata babu alikuwa anasema ngozi maisha yake yote. Na yeye akija ataona kwa macho yake, mtu mzima. Au nisimwambie mpaka aulize?

Mnyenyekevu
Ulikuwa na kosa moja, sasa una mawili.

Fundi Mikasi
Usizing'oe tu. Osha, shona ule mshono, acha zilivyo. Seti kamili ya kiwandani iliyofumuka sehemu moja ina thamani kwa mpenda gari za zamani kuliko siti zilizovalishwa upya. Ukimwambia ukweli anaweza hata kufurahi.

TendeMbivu
Mkuu, hapo ndipo penye shida. Jana kabla sijafungua uzi nilimpa fundi wa huku advansi ya laki mbili, kutoka kwenye ile milioni na nusu. Azivalishe reksini mpya nyeusi. Alisema zitapendeza zaidi. Za mbele ameshaondoka nazo asubuhi kwa bajaji, ya nyuma ndiyo nimetoka kuilalia sasa hivi. Simu yake inaita haipokelewi.

Fundi Mikasi
Mfuate. Usiandike tena hapa, mfuate.

Mla Mihogo
Na Passo iliuzwa?