Mtoto yuko kwenye mitihani, ninyi mnamdai saini ya baba asiyejulikana aliko

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nina binti mwaka wa mwisho wa sekondari. Mitihani imeshaanza, na wiki hizi hizi ndizo walizochagua kufungua dirisha la maombi ya mtandaoni ya msaada wa ada ya chuo, na watalifunga kabla hajamaliza mtihani wa mwisho. Ratiba ya mitihani inajulikana mwaka mzima. Mtu aliiona, akapanga tarehe zake juu yake, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Shuleni tuliitwa kikao, tukaambiwa: wazazi wapeni watoto utulivu, msiwape presha, hakikisheni wanalala. Nakubali kila neno. Ila nataka kujua hiyo presha inatoka wapi. Mimi sijamwambia mwanangu akeshe. Anakesha kwa sababu mchana mfumo umeelemewa, haufunguki, na wenzake wametumiana ujumbe kwamba usiku mnene unapitika. Basi mtoto mwenye mtihani wa kemia asubuhi, saa nane usiku yuko macho, daftari limefunguliwa pembeni, anatazama kile kiduara kinavyozunguka kwenye skrini. Akifika ukurasa wa nne mfumo unamtoa. Akiingia tena majibu yote yamefutika, anaanza upya kuandika jina lake.

Nikamwambia kalale, nitaijaza mimi. Ndipo nikakutana na lile swali.

Baba wa mwombaji: yuko hai, au amefariki. Chagua moja. Ukibonyeza yuko hai, wanataka namba ya kitambulisho chake, kazi yake, kipato chake na saini yake. Ukibonyeza amefariki, wanataka cheti cha kifo. Hakuna jibu la tatu. Baba wa binti yangu aliondoka mtoto hajaanza shule. Hatujui aliko. Ndugu zake nao hawajui, au wanajua na hawasemi. Na swali lenyewe halirukwi, usipolijibu kitufe cha kuendelea hakibonyezeki. Nimekwama pale, binti yangu ambaye nilidhani amelala akauliza kutoka mlangoni: "Mama, tuandike amekufa?"

Mtoto wa miaka 17, usiku wa kuamkia mtihani, anatafuta namna ya kumuua baba yake kwenye fomu ili aruhusiwe kwenda ukurasa unaofuata. Mliotengeneza hiyo fomu, mna watoto? Miaka yote nimemlea ajione ni mtu kamili kama wenzake, asione aibu kwamba nyumbani tuko wawili. Leo swali moja la kompyuta linamwambia familia ya namna yake haipo.

Nikapiga simu yao ya huduma. Inaita, inapiga muziki, inakata. Siku niliyobahatika kupokelewa niliambiwa niandike barua ya maelezo, niiambatishe. Niiambatishe wapi? Sehemu ya kupakia nyaraka inafunguka ukishajibu swali la baba. Yule dada akanyamaza kidogo, akaniambia, "Mama, jaribu tena kesho." Yeye simlaumu, fomu hakuitengeneza yeye.

Bado sijafika kwenye majina, wanakokwama hata waliovuka swali la baba. Cheti cha kuzaliwa kina herufi moja pungufu kwenye jina la babu yake, kosa la karani wa enzi hizo. Usajili wa mtihani una jina kamili. Kwa huo mfumo hao ni watu wawili. Jibu linalowajia wenye tatizo kama hilo: "Nyaraka hazijakamilika." Zipi? Hawasemi. Unapakia zote upya. Faili ni kubwa mno, unalipunguza, sasa halisomeki, wanalirudisha kwa sababu halisomeki.

Najua watakuja wa kusema mtoto mwenye nia ya kusoma hashindwi na fomu. Jamani, hilo limepimwa, na limeonekana si kweli. Marekani watafiti walichukua familia za kipato cha chini zilizokwenda kuandaliwa hesabu za kodi kwenye ofisi za H&R Block, katika majimbo ya Ohio na North Carolina. Kundi moja walijaziwa palepale fomu ya msaada wa masomo, ile inayoitwa FAFSA, na mtaalamu aliyekuwa tayari na taarifa zao za kipato mezani. Kazi ya dakika chache. Kundi jingine walielezwa kiasi cha msaada wanachoweza kupata, wakahimizwa wakajaze wenyewe. Matokeo yalichapishwa 2012. Kwa watoto waliokuwa wanamaliza sekondari, waliokuja kukamilisha miaka 2 ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36 kama familia ilijaziwa fomu. Walioelezwa na kuhimizwa tu, hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana vikao vya kututia moyo vinanichosha. Kilichomfikisha mtoto chuoni ni mtu mzima kukaa chini na kuijaza hiyo fomu.

Chuo Kikuu cha Michigan kilijaribu njia nyingine. Wakawaandikia barua wanafunzi wenye alama nzuri kutoka familia zisizo na uwezo: omba, ukikubaliwa hutalipa ada kwa miaka 4, na ahadi hii haingoji ujaze fomu za kuthibitisha hali ya nyumbani. Wengi wa watoto hao wangepata msaada kama huohuo hata bila barua, kwa sababu sifa walikuwa nazo. Lakini waliopata barua, asilimia 68 waliomba chuo hicho, wakati wasiopata ni 26. Waliojiunga ni 27 kwa 12. Mlango walikuwa nao siku zote, kilichowazuia ni kutojua kama utafunguliwa baada ya kuhangaika kote huko.

Na mfumo ukiharibika, tazameni anayeumia. Hiyo FAFSA kwa miaka mingi ilikuwa na maswali zaidi ya 100. Desemba 2020 ikapitishwa sheria ya kuifupisha. Fomu mpya, ambayo kwa kawaida ingefunguliwa Oktoba 2023, ikafunguliwa Desemba inakwisha, tena ikiwa na hitilafu kibao. Wazazi wasio na namba ya hifadhi ya jamii, ile ya utambulisho wa huko, walishindwa kukamilisha sehemu yao, watoto wao ambao ni raia halali wakakwama kwa miezi. Wakaguzi wa serikali yao wenyewe walieleza kwamba katika miezi 5 ya mwanzo zilipigwa simu milioni 5.4 kuomba msaada, na milioni 4 hazikupokelewa. Nikisoma hivyo naikumbuka ile simu ya muziki.

Kenya nako, mfumo wa 2023 uliwapanga wanafunzi wa vyuo vikuu kwenye makundi kwa kupima uwezo wa familia. Malalamiko yakawa mengi ya watoto wa wasionacho kuwekwa kundi la wenye nacho, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka katiba, kesi ikaendelea kwenye rufaa. Kwa hiyo msije kuniambia haya ni ya mama mmoja aliyekosa usingizi.

Sasa turudi kwa mtoto, maana yeye ndiye anayefanya mtihani. Wasiwasi unakalia nafasi ileile ya akili anayohitaji kukokotoa na kushika hatua za swali. Watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye hofu ya mtihani walioandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya kuingia walifanya vizuri kuliko wenzao ambao hawakuandika. Nikamfanyisha binti yangu hivyo. Anaandika kwenye karatasi, halafu anaichana. Inamsaidia, naiona, mabega yanashuka. Lakini juzi niliona mstari mmoja kabla hajaichana: "Nisipopata msaada mama atauza nini?"

Niambieni hapo nimpe mbinu gani ya kusoma. Anachohofia si kemia. Kemia anaijua. Anabeba bajeti ya nyumba nzima kichwani, na amefundishwa kuibeba na ile fomu, kwa sababu imemlazimisha aandike kwa mkono wake ninachopata kwa mwezi, tunachodaiwa, na idadi ya vyumba tunavyolala. Mambo hayo nilikuwa nayaweka mbali naye makusudi. Mtoto ana haki ya kutojua kila deni la mzazi wake, angalau wiki za mitihani.

Na usingizi. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na mwili wa rika hilo wenyewe huchelewa kusinzia. Alichosoma mchana kinatulia kichwani akiwa amelala. Kwa hiyo kila usiku mnaomkeshesha kwenye mfumo wenu mnamnyang'anya na alichokwisha kukisoma. Alama zikishuka, mtaangalia hizohizo alama kuamua kama anastahili msaada.

Wapo watakaosema bila ukaguzi watu wanadanganya. Ni kweli, wapo wanaodanganya, na wakaguliwe. Sidai fedha za umma zigawiwe kwa kufumba macho. Ninachouliza ni hiki: cheti cha kuzaliwa kilitolewa na ofisi ya serikali, usajili wa mtihani uko serikalini, taarifa za kodi ziko serikalini. Kwa nini mwanafunzi ndiye atembeze makaratasi kati ya ofisi hizo? Hata hiyo fomu mpya ya Marekani, pamoja na balaa lake lote, inachukua taarifa za kipato moja kwa moja kutoka mamlaka ya kodi mzazi akitoa idhini. Mdanganyifu mwenyewe hasumbuki na fomu ndefu, ana muda na ana watu. Anayekwama ni mjane, bibi anayelea wajukuu, mtoto anayeishi kwa shangazi bila karatasi yoyote ya mahakama.

Ninachotaka, na naomba tukipigie kelele pamoja. Dirisha lisifungwe ndani ya kipindi cha mitihani, lipewe walau mwezi baada ya mtihani wa mwisho. Swali la mzazi liwe na jibu la "hajulikani aliko" na maelezo ya mlezi yakubalike. Majibu yahifadhiwe ukurasa kwa ukurasa, hiyo si teknolojia ya ajabu. Nyaraka ikikataliwa itajwe jina, na sababu. Sehemu ya kipato ajaze mzazi kwa akaunti yake mwenyewe, mtoto asiione. Na kila shule iwe na mtu wa kukaa na familia kuijaza, asiwe mwalimu wa kemia ambaye naye ana mitihani ya kusimamia.

Wazazi ambao zamu yenu ni mwakani, anzeni leo kulinganisha majina, herufi kwa herufi, cheti cha kuzaliwa na usajili wa shule, maana kusahihisha jina huchukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Maelezo ya kipato yaandaeni kabla. Kila mnachopakia kipigeni picha ya skrini yenye tarehe na namba ya ombi, siku wakisema hamkupeleka muwe na cha kuwaonyesha. Nyumbani kwangu sasa hakuna anayetaja fomu baada ya chakula cha usiku, na namba ya siri ya akaunti ninayo mimi, binti nimemwambia waziwazi kwamba hiyo ni kazi yangu na yake ni vitabu. Alibisha kidogo, kisha akalala kabla ya saa nne usiku. Ilikuwa imepita muda mrefu sijaona hivyo.

Sasa nisaidieni. Mwenye mtoto ambaye baba au mama hajulikani aliko, na ombi likapita, ulibonyeza nini kwenye lile swali? Ulipeleka barua ya nani, ya shule, ya ofisi ya mtaa, au kiapo cha mahakamani? Waliikubali mara ya kwanza? Naomba jibu kutoka kwa aliyepitia, si kwa aliyesikia. Dirisha bado liko wazi kwa siku chache na kesho binti ana mtihani wa hisabati.