MREJESHO: Kupanda mlima kwa wanaoanza, tulikwenda Kolo

Wakuu, niliuliza pa kuwapeleka kina mama na kijana kiziwi ambao hawajawahi kupanda mlima, tukitokea Dodoma mjini. Mlionielekeza Kolo, Kondoa, asanteni sana.

Mongomi wa Kolo, kilima chenye michoro ya kale ya miambani, panapandika, ila kipande cha mwisho ni mawe na mwinuko hasa. Mama mwenye pumzi fupi tulimtanguliza, wote tukafuata mwendo wake. Vijana walinuna kidogo, shauri yao. Kwenye michoro myekundu, mwongoza wageni alisubiri lugha ya alama imalizike ndipo aendelee. Hilo lilinifurahisha kuliko hata kujua pale ni Urithi wa Dunia tangu 2006.

Baibui si tatizo, viatu vinavyoteleza ndiyo tatizo. Na anzeni asubuhi, jua la kule halina simile.