Pesa ya muhula inaingia mara moja: nifanyeje ifike mwisho na nibakize akiba?

MwakaWaPili:
Wadau, habari za majukumu. Naomba mawazo yenu. Pesa yangu ya kujikimu inaingia kwa mkupuo, mara moja kwa muhula. Wiki za mwanzo naishi vizuri tu: nanunua vitu vya chumbani, natoa fotokopi, rafiki akija kuazima namsaidia. Kuanzia katikati ya muhula mambo yanabana, na wiki za mitihani nawaza pesa kuliko masomo. Nina programu ya bajeti kwenye simu, lakini inanionyesha pesa ilikokwenda ikiwa imeshakwenda. Hivi akiba inawezekana kwa kipato cha namna hii, au ni ya wenye mshahara?

DadaMhasibu:
Mdogo wangu, inawezekana. Mwenye mshahara anasaidiwa na jambo moja ambalo wewe huna: pesa yake inakuja kwa vipande. Basi jilipe mshahara, tena wa wiki.

Mimi nipo mwaka wa mwisho na nafanya hivi. Pesa ikiingia, siku hiyohiyo natenga yasiyo na mjadala: kodi ya chumba, ada iliyobaki, nauli ya kurudi nyumbani likizo. Hiyo nauli wengi huisahau, na ndiyo inayowaingiza kwenye madeni muhula ukiisha. Kisha natoa akiba, hata kama ni sehemu moja ya ishirini. Kinachobaki nakigawa kwa wiki, lakini muhula wa wiki 17 naugawa kwa 19, maana mitihani husogezwa na watu huugua.

Pesa ya wiki zijazo haikai kwenye laini ninayolipia kila siku. Iko kwenye akaunti isiyo na kadi, na kila Jumapili jioni nahamisha ya wiki moja. Nimechagua Jumapili makusudi. Ukijilipa Ijumaa, pesa inakutana na wikendi, na Jumatatu unaamka na chenji.

Kuhusu programu: bajeti huandikwa kabla ya kutumia. Mwandishi wa habari wa Kijapani, Hani Motoko, alitoa daftari la hesabu za nyumbani mwaka 1904, na Wajapani wanatumia madaftari ya aina hiyo mpaka leo. Mimi pia natumia daftari na kalamu. Mkono ukiandika, unajua unachokifanya.

Mdau_Huru:
Dada, umeeleza vizuri, ila wiki ikikata kabla ya Jumapili si unachukua tu mkopo wa simu? Riba asilimia 10 kwa mwezi, mbona inalipika.

DadaMhasibu:
Kaka, hapo naomba tusikubaliane. Inalipika kama mwezi ujao una pesa ya ziada, na mwanafunzi hana. Atakopa tena ili alipe. Chukua deni la 100 kwa riba hiyo, liache lizae juu ya riba yake: baada ya miezi minane limeshazidi 200, na mwaka ukiisha linakaribia 314. Akiba inayopata asilimia 6 kwa mwaka inahitaji kama miaka 12 ndipo iongezeke maradufu. Deni linakimbia namna hiyo, akiba inatembea. Wiki ikikata, chukua kutoka zile wiki mbili za ziada. Ndiyo kazi yake.

Mtafiti_Kijana:
Naona chuoni kuweka akiba ni kujibana bure. Bei zinapanda, pesa iliyolala inapungua thamani. Bora kununua vitu au kulipia kozi fupi.

DadaMhasibu:
Ni kweli inapungua thamani, na anayetaka kutajirika asitegemee kibubu. Ila akiba ya mwanafunzi ina kazi nyingine. Kompyuta ikizima ukiwa kwenye sura ya tatu ya utafiti wako, kozi fupi haitaitengeneza.

MwakaWaPili:
Asante sana dada. Na hawa marafiki wanaoazima? Kukataa naona vibaya.

DadaMhasibu:
Usikatae wote. Weka fungu la watu, dogo, liandike kwenye daftari kama unavyoandika fotokopi. Anayekuja anapewa kutoka humo, nawe uwe umeshakubali moyoni kwamba huenda isirudi. Likiisha sema limeisha. Ni kweli limeisha, huna haja ya kutunga sababu wala kuzima simu. Mimi jambo hili limenilindia urafiki kuliko pesa.

MwakaWaPili:
Muhula wangu umeshafika katikati. Nianzie wapi?

DadaMhasibu:
Leo usiku tenga nauli ya likizo. Hesabu wiki zilizobaki, ongeza moja, gawa kilichopo. Akiba iache mpaka muhula ujao, sasa hivi hakikisha unafika kwenye mitihani bila deni. Ukishapata kiasi cha wiki kiandike hapa, na kikiwa kidogo mno tutaangalia pamoja cha kupunguza.