Disleksia (ugumu wa kusoma): anayesoma "baba" akasema "dada" abaki darasani au aende kitengo maalum cha watoto wenye ulemavu?

Mwalimu, Nakuru: Tuongee bila kuoneana haya. Nafundisha Gredi ya Nne shule ya umma, watoto 68 chumba kimoja. Kuna kijana wa miaka 10. Muulize bei ya nyanya na chenji ya mia mbili, jibu analo kabla hujamaliza. Mpe kitabu: "baba" anasoma "dada", kisha anaisugua herufi kwa kidole kana kwamba ni vumbi. Darasa linaangua kicheko. Wiki jana mzazi, tena si wake, alikuja kutaka "huyo anayewarudisha wengine nyuma" ahamishwe.

Mimi nasema abaki. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na jamii, ilimradi iendane na maslahi yake. Na kuna jambo linaniuma zaidi. Kiswahili anakisoma silabi kwa silabi, polepole, lakini anafika. Kiingereza kinaandikwa hivi, kinatamkwa vile, na kuanzia Gredi ya Nne masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Aliyekuwa akichechemea anaanguka mwaka huo huo, nasi tunamwita mvivu.

Mama, Kisumu: Mwalimu, nakuheshimu, lakini abaki afanye nini? Wangu alibaki miaka mitatu. Kiti cha nyuma, karibu na dirisha. Kazi yake kuchota maji ya walimu. Ripoti kila muhula: "aongeze bidii." Nilipompeleka EARC, kituo cha kutathmini watoto wenye shida ya kujifunza, ndipo nikaambiwa akili iko sawa, shida ni kusoma. Leo yuko kitengo chenye watoto 12, na anasoma. Hicho kifungu cha Katiba hakikumfundisha hata irabu.

Mzazi, Nakuru: Mimi sina chuki na mtoto wa mtu. Binti yangu anakaribia KPSEA, mtihani wa Gredi ya Sita. Mwalimu akisimama dakika 20 kwa mmoja, wengine 67 wanafanya nini? Hilo nalo ni swali la haki, ingawa mkilisikia mnanuna.

Mwalimu wa kitengo, Kakamega: Ngojeni kidogo. Vituo hivyo vya tathmini vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na 1986 ikaja KISE, taasisi ya kufundisha walimu wa elimu maalum. Jambo hili si geni, basi. Ila mnataja "kitengo" kana kwamba vyote ni kimoja. Changu kina wenye mtindio wa ubongo, mmoja mwenye usonji, na wawili kama kijana huyo wa Nakuru. Nikimlisha huyu, nikimbadilisha yule nguo, hao wawili wa herufi wananisubiri hadi kengele ya saa sita. Mama wa Kisumu, ulibahatika. Mwenye disleksia nikimpokea hapa, amehama tu kutoka foleni moja kwenda nyingine.

Mwalimu, Nakuru: Hapo umenishika. Wala sidai shule inaweza kuajiri msaidizi. Kwa ruzuku ya serikali ya shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, chaki na karatasi zenyewe tunazihesabu. Mama, hebu nieleze: huko kitengoni walimfanyia nini hasa?

Mama, Kisumu: Kitu kidogo, hata nilidhani wananichezea. Sahani ya bati yenye mchanga. Anaandika b kwa kidole, anaitamka, anafuta, anaandika tena. Herufi hiyo moja wiki nzima. D hawakuigusa mpaka wiki ya tatu, alipokuwa haulizi tena tumbo la b linaangalia wapi. Nusu saa kila siku, mwalimu ameketi kando yake.

Mzazi, Nakuru: Nusu saa kila siku. Na wale 67?

Mwalimu, Nakuru: Sahani ninayo. Mchanga upo, wanajenga vyoo. Watoto wangu huanza kufika saa moja kasoro, na huyo kijana huja wa kwanza, anakaa kwenye ngazi. Nitaanza naye Jumatatu, kabla ya gwaride. Mwalimu wa Kakamega, hao wawili wako hufika saa ngapi?